Jina Lililo Kwenye Kadi

Nyumbani, Sumbawanga
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Kaka yangu Fabiani,

Shikamoo kaka. Barua yako imenifikia wiki mbili zilizopita kwa mkono wa Amos, yule mfanyabiashara wa dagaa wa Kasanga, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya pakiti tupu ya majani ya chai. Namshukuru Mungu kusikia kwamba kifua kimepona na kwamba kazi ya kupakua mizigo huko Moba inakupa chakula, ingawa umesema simu bado huna. Huku sisi tu wazima. Mke wangu Scola hajambo, watoto hawajambo, na mimi mwili wangu hauna tatizo lolote. Nimeandika mwili kwa makusudi, utaona mbele kwa nini.

Mahindi mwaka huu yametupa moyo, maana mvua iliwahi na haikukatika. Ulezi haukufanya vizuri, upepo wa mwezi wa sita uliulaza wote upande mmoja kabla hatujavuna. Baridi ya mwaka huu ilikuwa ya kung'ata, mpaka asubuhi majani ya kule bondeni yalikuwa meupe. Ule mpichi ulioupanda nyuma ya jiko sasa unazaa, na watoto hawausubiri uive. Tumeshaanza kutayarisha mashamba, na nyuma ya milima ya Mbizi mawingu yameanza kujikusanya.

Katika barua yako umeniuliza mambo matatu. Umeuliza hali ya mama. Umeuliza kama pikapu bado inawaka. Na umeniomba nimwambie mama aitunze vizuri kadi ya gari, kwa sababu ukirudi unataka kuiuza pikapu mwenyewe ili upate pa kuanzia. Halafu chini kabisa, kwenye kona ya karatasi, kwa maandishi madogo kama vile ulikuwa unaona aibu, umeuliza jambo la nne, kwamba kwa nini mama hakukujibu. Hilo la nne nitalijibu mwisho. Nivumilie kaka, sina nguvu ya kulianza.

Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua wakati wa baridi lakini bado anakwenda kanisani kwa miguu na hataki kupakiwa kwenye pikipiki ya mtu. Hilo ndilo jibu la kwanza, na ndilo pekee ninaloweza kulitoa bila kuinamisha kichwa.

Unanijua ninavyopenda kuzunguka mbuyu, kwa hiyo hili la pili nalisema moja kwa moja. Pikapu haipo. Niliiuza mwezi wa kumi na mbili mwaka jana. Na kadi haipo kwa mama, wala jina lako halimo tena kwenye kadi.

Kabla hujaitupa barua hii majini, naomba uisome mpaka mwisho, kwa sababu kuuza gari ndilo dogo katika yote niliyofanya.

Ulipoondoka mwaka wa ishirini na ile shehena ya unga, ukapitia Kasanga, uliiacha pikapu pembeni ya nyumba ya mama, chini ya lile paa la mabati. Ukamkabidhi mama kadi mbele yangu. Aliiweka kwenye sanduku lake, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Miezi ya kwanza ulipiga simu, kisha simu ikawa haipatikani. Mwaka mmoja ukapita, ukaja wa pili. Watu wa ziwani walileta maneno kwamba kuna boti imezama upande wa Congo, lakini hakuna aliyetaja jina la mtu, na mama alikataza habari hiyo isizungumzwe nyumbani kwake.

Yeye alikuwa anaitunza pikapu yako. Kila Jumamosi aliifuta kwa kitambaa kibichi, taa mpaka taa. Kuku akitua juu ya boneti alimfukuza kwa fimbo na kumsema kama mtu mzima mwenye akili zake. Na wakati wa kipupwe, jua likishapasha vioo, mama alikuwa anaingia ndani, anakaa kiti cha abiria na kuchambua maharage humo kwa sababu upepo haumfikii. Hakukaa hata siku moja kiti cha dereva. Mara moja nilikaa mimi, akaniambia nishuke, mwenyewe atarudi akute kiti kimelegea.

Mwaka jana mwezi wa tano ndipo alipokuja Shija. Huyu ni Msukuma, mfugaji, anaishi upande wa Namanyere, wazazi wake walihamia kule na ng'ombe yeye akiwa mdogo. Alisikia kwamba kuna pikapu ya usajili wa namba C imekaa bila kazi. Nilimwambia aje Jumapili, na nilichagua Jumapili kwa sababu mama angekuwa kanisani. Kwa hiyo usidhani nilianza vizuri nikaharibikiwa njiani. Nilianza hivyo hivyo.

Shija hakufanana na wanunuzi ninaowajua, wanaopiga teke tairi na kutaka bei ipungue. Hakuuliza bei kwanza. Aliomba karatasi nyeupe na penseli. Akaipata namba ya chasisi, akaweka karatasi juu yake na kusugua penseli taratibu mpaka tarakimu zikatokea zenyewe kwenye karatasi. Kisha akaomba kadi. Kadi ilikuwa kwa mama, lakini nilikuwa nimeipiga picha kwa simu, nikamwonyesha. Akalinganisha tarakimu moja moja kwa kidole, zikalingana. Akaangalia jina la mwenye gari, akaniuliza Fabiani ni nani. Nikasema ni kaka yangu. Akauliza yuko wapi. Nikasema alivuka ziwa na hajulikani alipo. Basi akakunja karatasi yake, akaiweka mfukoni na kuniambia gari ni zuri lakini hapo hakuna gari la kuuza.

Nilimshika mkono asiondoke. Nikamwambia sote ni baba mmoja mama mmoja, tutaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mashahidi wawili, muhuri, kama watu wote wanavyofanya. Akanieleza kilichompata. Miaka ya nyuma alinunua gari kwa mtu aliyekuwa na kadi mkononi na mkataba wenye muhuri wa mwenyekiti. Jina kwenye kadi halikuwa la yule muuzaji, lilikuwa la mtu aliyemuuzia mtu, naye akamuuzia mwingine, bila yeyote kwenda kubadilisha umiliki. Baada ya miezi mitatu wakaja ndugu wa mwenye jina wakiwa na askari, gari likaondoka, yeye akabaki na mkataba. Alisema tangu siku hiyo anaangalia jina kabla ya kuangalia injini. Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha tu kwamba watu wawili walikaa wakakubaliana, hauonyeshi kwamba mmoja wao alikuwa na cha kuuza.

Akaniambia njia zipo mbili. Aje Fabiani mwenyewe na kitambulisho chake, asaini mbele ya mwanasheria, au kama yuko mbali alete uwakilishi wa maandishi uliothibitishwa, ndipo twende ofisi ya mapato jina libadilishwe. Au, kama Fabiani ameshafariki, aje msimamizi wa mirathi na barua ya mahakama. Ya tatu hakuna, alisema, na akanipa namba yake ya simu kwa adabu nzuri kabisa. Nataka ujue kwamba mtu huyu hakunishauri uovu wowote. Alitaka kununua kihalali, basi. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale, nikiifikiria ile njia ya pili.

Kaka, nilikufisha kwenye karatasi.

Mwezi wa saba nilikwenda kwa baba mkubwa Oswaldi, nikamwambia kuna mtu wa Kasanga ameniletea habari zako. Nikasema mtu huyo ameniambia ulikuwa kwenye ile boti, na kwamba ulizikwa kijijini kwa watu upande wa pili. Baba mkubwa akasema ukoo ukae. Tukakaa Jumamosi, nyumbani kwa mama. Walikuja wazee sita. Waliniuliza maswali machache, kwa sababu hakuna mtu anayefikiria kwamba mtu atadanganya kuhusu kifo cha ndugu yake wa tumbo moja. Niliyajibu yote bila kusitasita. Siku hiyo ndiyo niliyojijua.

Mama hakulia pale. Aliuliza kitu kimoja tu. Aliuliza kama mtu wa Kasanga alisema ulikuwa umevaa lile sweta la bluu alilokufumia. Nikasema ndiyo, alisema ulikuwa umelivaa. Akasema basi hakufa na baridi.

Kaka, mengine yote naweza kuyaita tamaa au ujinga, lakini hilo la sweta sijui niliite nini.

Muhtasari wa kikao uliandikwa na mimi mwenyewe kwa sababu nina mwandiko mzuri. Ulisema Fabiani, mtoto wa marehemu Fransisko, amefariki, hakuoa wala hakuacha mtoto, na ukoo umempendekeza mdogo wake Benjamini kuwa msimamizi wa mirathi, na mali ni gari moja. Wazee wakasaini. Mama hajui kuandika, kwa hiyo mwenyekiti alileta kile kibati cha wino wa muhuri. Mkono wa mama ulikuwa unarudi nyuma. Niliushika, nikakichovya kidole gumba chake kwenye wino, nikakikandamiza kwenye karatasi. Nilisema moyoni kwamba ninamsaidia.

Baadaye alikwenda chumbani akafungua sanduku. Akarudi na ule mfuko wa nailoni, akatoa kadi na kunipa kwa mikono miwili. Akasema alikuwa anamtunzia mwenyewe, sasa kama mwenyewe hayupo, kazi ya kuitunza imekwisha. Sikuiomba, sikuiiba. Alinipa mwenyewe, na mpaka leo natamani ningekuwa nimeiiba.

Yaliyofuata yalikwenda vizuri mno. Kwa muhtasari ule na barua ya mtendaji wa kijiji nikapata cheti chako cha kifo. Mahakama ya mwanzo nikaapa na kujaza fomu, tangazo likabandikwa ubaoni kwamba mwenye pingamizi ajitokeze. Nilikuwa napita pale kila siku ya soko kulitazama. Mwenye pingamizi alikuwepo, kaka, ila alikuwa ng'ambo ya ziwa akibeba magunia. Siku zikaisha, nikapewa barua ya usimamizi. Shija alipoziona karatasi zote alinipa pole ya msiba kwa heshima, akavua kofia. Tukasaini mkataba kwa mwanasheria, tukaenda pamoja mapato, na baada ya muda kadi ikatoka na jina lake. Katika mkoa huu wote sidhani kama mwaka ule kuna gari lililouzwa kwa karatasi safi kuliko lako.

Siku Shija alipokuja kulichukua, mama aliomba alifute kwanza. Akalifuta lote, sisi tumesimama tunamsubiri. Shija hakumharakisha. Lilipoondoka mama alibaki chini ya paa la mabati, ameshika kitambaa. Tangu hapo wakati wa baridi maharage anachambulia jikoni kwenye moshi.

Kwa zile fedha nilinunua mashine ya kusaga, nikaijengea kibanda barabarani. Nilidhani sasa watu watasema wanakwenda kwa Benjamini. Unajua wanaiitaje? Mashine ya marehemu. Mama mmoja akikutana na mwenzake na debe kichwani, wanaulizana kama wanatoka kwa marehemu. Nimepaka rangi jina langu ukutani, herufi kubwa nyekundu, halijasaidia kitu.

Mwaka jana tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, jina lako lilisomwa kanisani pamoja na marehemu wengine wa kigango chetu. Lilisomwa katikati, kati ya bibi mmoja na mtoto mchanga. Mama alipiga magoti juu ya yale magoti yake mabovu, mimi nikapiga magoti kando yake.

Sasa nimefika kwenye swali lako la nne. Nimezunguka kurasa hizi zote na hakuna tena pa kuzungukia.

Mtu wa Kasanga nilimtunga nilipokwenda kwa baba mkubwa, lakini siku chache baadaye akaja kweli. Jumamosi nilipowaambia wazee kwamba kuna mtu amekuja na habari zako, hakuwa mtu wa kutunga tena. Alikuwa Amos. Alikuja Alhamisi, siku mbili kabla ukoo haujakaa, akanikuta sokoni, akanipa ile barua yako ya kwanza. Ile unayoiulizia, ambayo unadhani mama aliipata akakaa kimya. Niliisoma nimesimama nyuma ya vibanda vya mitumba. Ulisema uko hai. Ulisema mzigo wako ulipotea wote, ukaugua, ukaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu mbele ya watu waliokuona ukiondoka na gunia mia. Ulisema nimwambie mama peke yake, ili asihangaike. Na ulisema pikapu iwashwe kila wiki, betri isife.

Wazee walikuwa wameshaitwa. Shija alikuwa ameshaambiwa asubiri. Ningeweza kwenda nyumbani nikamwambia mama maneno manne tu, na wazee wangekuja Jumamosi kwenye furaha badala ya msiba. Ningeweza hata kukuandikia nikakuomba uwakilishi, kwa njia hiyo hiyo ya Amos, ukakataa au ukakubali kama mwenye mali. Sikufanya hata moja. Niliikunja barua yako nikaiweka kwenye soksi. Jumamosi nikaketi mbele ya wazee, barua yako ikiwa inanikwaruza kwenye kifundo cha mguu, nikasema umekufa.

Kwa hiyo mama hakukunyamazia. Mama hakujua. Umekaa mwaka mzima na zaidi ukidhani mama yako alipokea maneno yako akaamua kutokujibu, na yeye amekaa mwaka huo huo akikuombea pumziko la milele. Kati yenu nilikuwa nimekaa mimi.

Ukiniuliza kwa nini, nilikuwa na jibu la mashine. Nilijiambia familia inahitaji kitu cha kuingiza fedha, gari linaoza bure, wewe ukirudi utaelewa. Lakini nimekuwa na siku nyingi za kufikiri, na ukweli ni mdogo na mchafu kuliko huo. Nilikuwa nakuonea wivu. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi ndiye niliyemlimia mama, niliyemtibu magoti, niliyeezeka nyumba yake upepo ulipochukua bati. Na kila Jumamosi nilimwona akifuta gari la mtu ambaye hayupo, kwa mkono ambao haukuwahi kunifutia mimi hata baiskeli. Watu wakielekezwa kwetu waliambiwa ni pale penye gari la Fabiani. Nilitaka liondoke. Barua yako ilipokuja ikasema uko hai, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililohisi halikuwa furaha. Nilihisi kwamba gari litabaki.

Barua yako ya pili ilipofika nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nikapanda basi la Namanyere kwenda kwa Shija, kwa sababu nilimwogopa yeye kidogo kuliko nilivyomwogopa mama. Nikamweleza yote tukiwa uani kwake, pikapu ikiwa imesimama mbele yetu imepakiwa magunia ya mbegu. Hakufoka. Alikwenda ndani akaleta karatasi zake zote, cheti cha kifo, barua ya mahakama, mkataba, kadi, akazipanga juu ya kigoda akawa anaziangalia. Akasema mara ya kwanza alitapeliwa na mtu mwenye karatasi zisizotimia, akajifunza kudai karatasi zote. Sasa ametapeliwa na mtu mwenye karatasi zote, na hajui ajifunze nini.

Kisha akaagiza magunia yashushwe. Akafungua boneti, akachomoa betri, akaibeba mwenyewe mpaka ndani ya nyumba. Akasema gari hilo halitatembea tena mpaka azungumze na mwenye jina la kwanza, ana kwa ana, na kwamba yeye na wewe hamna ugomvi. Akaniuliza kama nimeshamwambia mama. Nikasema bado. Akasema basi niondoke kwake, na nisirudi kuzungumza naye neno lingine kabla mama hajajua.

Nilimwambia mama Jumatano iliyopita asubuhi. Alikuwa anachagua mbegu za maharage kwenye ungo. Nilipiga magoti nikasema uko hai, uko Moba, una afya, kisha nikasema na mengine. Hakusimamisha mikono yake mpaka mbegu zikaisha. Akaniuliza barua ya kwanza ilikuja siku gani. Nikasema Alhamisi. Akahesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Akauliza kama karatasi bado ipo. Sikuwahi kuichoma, sijui kwa nini, ilikuwa kwenye sanduku la vifaa vya mashine imeloa mafuta. Nikaileta. Hakutaka niisome mimi. Alimwita Scola, naye hakuwa akijua lolote, akaisoma huku analia, mara tatu. Halafu mama akaingia chumbani akautoa ule mfuko wa nailoni uliokuwa na kadi, akaitia barua yako humo na kuifungia sandukuni.

Baada ya hapo alichukua ufagio akaenda kufagia chini ya lile paa la mabati, pale ilipokuwa inasimama pikapu. Alifagia mpaka pakawa peupe. Hajanipiga, hajanilaani. Chakula ananipa. Ila hanitazami usoni, kaka, na ananiita baba wa watoto wake Scola, kama mtu anayemzungumzia mkwe wa mbali.

Alhamisi alikwenda kwa katekista Wiliam, akataka jina lako lifutwe kwenye orodha ya marehemu kabla ya tarehe mbili ya mwezi ujao. Scola alikwenda naye, ndiye aliyenisimulia. Katekista alisema kwa upole kwamba jina liliingizwa kwa cheti, kwa hiyo inafaa kuwe na barua kutoka mahali fulani kuonyesha kwamba mtu huyo yu hai. Mama akamjibu kwamba cheti kililetwa na mtu ambaye hakukuzaa, na yeye aliyekuzaa amesimama mbele yake, anataka barua gani tena. Katekista alichukua rula akapiga mstari.

Alhamisi hii nikishamkabidhi Amos barua hii, nitakwenda mahakamani nilipoapa, niseme nilichofanya. Baba mkubwa Oswaldi atanisindikiza. Amesema atakuja si kunitetea, bali kuhakikisha nimefika. Sijui watanifanya nini, na sikuandikii unihurumie. Ninachokuomba ni uje. Njoo na kitambulisho chochote ulicho nacho, hata kama kimechakaa, kwa sababu mimi nikisema uko hai hawana sababu ya kuniamini, nilishawaapia kinyume. Mashine uichukue, au uiuze, au uibomoe, hilo ni lako na la Shija mtakavyopatana. Na kuhusu mzigo uliopotea, ile aibu uliyosema inakuzuia kurudi, naomba usiifikirie tena. Hapa nyumbani mwenye aibu ameshapatikana, ndiye mimi.

Scola anakusalimu, amelia sana na amesema atakupikia ugali wa ulezi. Watoto wanakusalimu, mdogo kabisa anauliza kama watu wanaorudi kutoka kwa marehemu wanakuja na basi. Baba mkubwa anakusalimu. Shija naye amesema nikuandikie salamu zake.

Mama nilimuuliza jana niandike nini kwa niaba yake. Leo asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka kwa mwenyekiti, akaazima kile kibati cha wino. Amekaa hapa mezani tangu nilipoanza ukurasa wa kwanza, anasubiri nimalize. Nilitaka kumshika mkono kumwongoza, akauondoa. Amesema safari hii anajua mwenyewe pa kuweka.

Mimi mdogo wako,
Benjamini

Hapa chini ni kidole cha mama.